Mwongozo kamili: kumfikisha askari kwa daktari wa akili bila kumvunjia heshima

Wake wa askari, mama zao, na mara nyingine askari wenyewe wakimhangaikia mwenzao, huniuliza swali moja: "Nimemwambia aende hospitali, amekataa. Nifanye nini?" Ukiwauliza walimwambia maneno gani, karibu wote walimwambia ana shida ya kichwa. Basi mazungumzo yameishia hapo. Mwanaume aliyetoka mapiganoni Mitwaba au Masisi akiwa hai hatakubali, ndani ya kambi na mbele ya mkewe, kwamba amekuwa kichaa. Lakini atakubali kwamba halali usiku.

Kwa hiyo usimwombe akiri ugonjwa. Mwombe atibiwe kile ambacho yeye mwenyewe anakilalamikia, na uwe umeshatengeneza njia yote kabla ya kusema neno. Nimeandika kwa watu wa Lubumbashi, hapa Kongo. Walioko kwingine wabadilishe majina ya vituo tu.

Hali ambazo hazisubiri mwongozo

Ana homa na anaongea ovyo? Mpeleke akapimwe malaria leo hii, si kesho. Malaria ikipanda kwenye ubongo humfanya mtu apige kelele, asiwatambue watoto wake, apigane na watu wasioonekana, na watu wa nyumbani huanza kutafuta mulozi (mchawi) huku saa zinapita. Askari anayetoka Pweto au Manono yuko katika hatari hiyo kila mwaka.

Amesema anataka kufa, au amekamata bunduki akisema atamaliza nyumba? Toka na watoto kwanza. Kisha mwite mkubwa wake au askari mwenzake anayemsikiliza, apelekwe hospitali usiku huo huo. Usijaribu kumnyang'anya silaha peke yako.

Ameanguka kwa degedege, au alipigwa na mlipuko na tangu siku hiyo anapoteza fahamu, kichwa kinamuuma mfululizo, anasahau mambo ya jana? Hilo linaweza kuwa jeraha la ubongo au kifafa. Linahitaji daktari haraka, na wala si aibu ya mtu.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu, mahali ambapo yeye hatalikuta.
- Jina la kituo, siku wanazopokea wagonjwa wapya, na bei ya fishi (kadi ya kumwona daktari). Uwe umeuliza mwenyewe.
- Nauli ya taxi-bus ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, pamoja na pesa ya fishi na ya dawa za kuanzia. Ziweke kando, zisiguswe kwa bukari (ugali).
- Mtu mmoja anayemheshimu: askari mkubwa kwake kwa umri, mjomba, au yaya yake (kaka au dada mkubwa).
- Mtu wa kukaa na watoto siku hiyo.
- Orodha ya kila anachomeza au kuvuta: vidonge vya usingizi vya sokoni, tramadoli (dawa ya maumivu), bangi, lutuku (pombe kali ya kienyeji).
- Njia ya kupata ruhusa ya maandishi, kama yuko kazini.

Wengi hulipuuza hilo la mwisho, nalo lina uzito kuliko yote. Kosa la kutoroka jeshi limo katika kanuni ya adhabu ya kijeshi, Sheria namba 024/2002 ya tarehe 18 Novemba 2002. Ukimtoa kambini bila karatasi ili "umsaidie", unaweza kumtengenezea kesi. Njia iliyo rahisi ni kupitia hospitali ya kambi: aende kwa kichwa kuuma au kukosa usingizi, ambavyo ni kweli tupu, aombe barua ya kumpeleka mbele.

## Hatua ya 1: Andika unachokiona, si unachokifikiri

Chukua wiki mbili. Kila siku mstari mmoja au miwili. Usiandike "amekuwa mkali". Andika hivi:

*Siku ya pili: aliamka saa nane ya usiku, akakaa nyuma ya mlango mpaka asubuhi.*
*Siku ya tatu: embe lilianguka juu ya mabati. Alijitupa chini ya kitanda. Mtoto mdogo alicheka, akampiga.*
*Siku ya tano: hakwenda kwenye kilio cha jirani. Anasema hapendi watu wengi.*

Embe juu ya mabati nimelisikia kwa familia nyingi. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, miembe yote ya Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, imejaa matunda, radi nayo inapiga kila jioni, na mwanaume aliyekuwa ametulia kiangazi chote anaanza upya. Nyumbani wanasema ni mtu amemtupia kitu. Kumbe mwili wake unasikia risasi.

Sababu ya daftari ni mbili. Daktari akisikia "ni mkali" hapati cha kushika, lakini akisoma mistari kama hiyo ndani ya dakika tano anajua aulize nini. Na wewe, siku ya kuzungumza, utakuwa na jambo moja la kweli la kumwambia badala ya lawama za miaka mitatu.

Tazama mambo manne: ndoto na kumbukumbu zinazorudi kana kwamba tukio linatokea sasa; kukwepa watu, njia au mazungumzo yanayomkumbusha; kushtuka, kutolala, kukaa akilinda; na moyo kuwa mzito, asifurahie hata watoto. Mtu aliyerudi kutoka mapiganoni juzi anaweza kuwa na haya yote, kisha yakaisha yenyewe. Wengi hupona hivyo, na katika majuma hayo ya kwanza usimlazimishe asimulie yaliyotokea. Mpe chakula, mpe utulivu. Yakipita mwezi mmoja bila kupungua, au yakimzuia kufanya kazi na kuishi na watu, anza hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Nenda kituoni wewe kwanza

Lubumbashi tuna Kituo cha Neuropsikiatria (magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu) cha Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo, watawa wa Kikatoliki. Hospitali Sendwe na kliniki za chuo kikuu pia ni mahali pa kuulizia daktari. Mabruda hao hao wana vituo vya akili vya SOSAME kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma. Kinshasa kuna CNPP, kituo cha magonjwa ya akili cha Mont Amba.

Uliza maswali haya, uandike majibu: Ni siku gani wanapokea mgonjwa mpya? Nani humwona kwanza, muuguzi, mwanasaikolojia au daktari? Fishi ni bei gani? Anaweza kuja na nguo za kiraia? Faili lake linasomwa na nani? Kama ni hospitali ya jeshi, uliza waziwazi: mkubwa wake ataambiwa nini? Daktari wa jeshi anaweza kutakiwa kusema kama askari anafaa kwa kazi, hata bila kueleza aliyoyasikia. Afadhali mjue mapema, mchague wenyewe pa kwenda.

Kwenda kwako kwanza kunaondoa lile jambo linaloharibu safari nyingi: mwanaume amekubali kwa shida, anafika, anaambiwa siku ya wagonjwa wapya ilikuwa jana. Huyo hatarudi.

*Utajua umefaulu* ukiwa na siku, saa, bei, na jina la mtu wa kumuulizia pale mapokezi.

## Hatua ya 3: Punguza hatari nyumbani

Silaha. Kama bunduki inalala nyumbani, tafuta njia ya kuilaza mahali pengine: ghala la kikosi, au kwa mkubwa wake. Jeshi la Israeli lilibadili utaratibu mwaka 2006, askari wakaanza kuacha silaha kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa juma, na kujiua kati ya askari vijana kukapungua kwa karibu 40%. Silaha tu ndiyo ilihama. Wazo la kufa mara nyingi huja kwa kasi na kupita, na bunduki iliyo chini ya godoro haimpi mtu nafasi ya kulipita.

Anayeweza kuomba hilo bila vita ni askari mwenzake, akisema: "Kaka, mpaka utakapoanza kulala, acha chuma kikae kwangu ku ghala."

Pombe. Hapa watu hukosea kwa nia njema. Kama anakunywa lutuku kila siku tangu asubuhi, usimkatie ghafla. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa mara moja unaweza kutetemeka, kutoa jasho, kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, hasa katika siku mbili tatu za mwanzo, na mtu anaweza kufa. Mwambie daktari kiasi anachokunywa, yeye ndiye apange namna ya kuacha. Kitu unachoweza kumwomba ni kimoja: asubuhi ya kwenda hospitali asinywe kupita kile kinachomzuia kutetemeka.

Vidonge vya sokoni. Diazepamu, kidonge cha usingizi, inampa usingizi wa leo na kumfunga kesho. Haitibu ndoto za vita, na ikichanganyika na pombe au tramadoli inaweza kuzima pumzi. Usizitupe kwa siri. Ziandike kwenye orodha.

## Hatua ya 4: Chagua msemaji na saa

Msemaji si lazima awe wewe. Mke mara nyingi ndiye anayeona zaidi na ndiye anayesikilizwa kidogo, hasa kama nyumba imekuwa na ugomvi. Anayesikilizwa kuliko wote ni askari aliyepigana, aliyekwenda kutibiwa, na aliyerudi kazini. Ukimpata huyo, nusu ya kazi imekwisha. Mtafute kimya kimya kupitia wake wa askari wengine kambini. Wake wanajua mengi kuliko makomanda.

Saa nzuri ni asubuhi baada ya usiku mbaya, akiwa amekula na hajanywa. Saa mbaya ni akiwa amelewa, siku mshahara umechelewa, mbele ya watoto, mbele ya mama mkwe, au katikati ya ugomvi wa mambo mengine. Na usiitishe kikao cha familia. Watu sita wakimzunguka mtu ambaye mwili wake bado unadhani umezingirwa, atapigana au atakimbia.

Kaeni ubavu kwa ubavu badala ya kutazamana, yeye akiwa karibu na mlango. Hilo la mlango lina maana yake: askari anayekaa huku akiona njia ya kutokea husikia maneno vizuri zaidi.

## Hatua ya 5: Maneno yenyewe

Hapa ndipo wengi mnapoangukia, kwa hiyo nitaandika mazungumzo kama yanavyokwenda nyumbani kwetu, kwa Kiswahili cha Lubumbashi (munganga ni daktari, siku ya ine ni Alhamisi).

— Papa Mwamba, ile juma yote haulale. Juzi embe ilianguka ku mabati, ukajitupa chini ya kitanda.

— Acha ile maneno.

— Naacha. Lakini we mwenyewe, busingizi inakuhangaisha ao hapana?

— … Inanihangaisha.

— Kuko munganga mwenye anatunzaka ile. Nilienda kumuuliza. Anapokea siku ya ine.

— Wapi?

— Pa Guislain.

— Kwa benye wazimu? Mi shiko kichaa!

— Hauko kichaa. Bantu banaendaka pale ju ya busingizi, ju ya kifafa, ju ya kichwa kuuma. Tuende mara moja tu. Usipomupenda, haturudie.

Tazama mama huyu amefanya nini. Ametaja jambo moja alilolishuhudia. Aliposukumwa amerudi nyuma bila kubishana. Ameuliza swali ambalo jibu lake ni la mume, si lake. Ameomba safari moja, hakuomba matibabu ya mwaka. Na alipoulizwa mahali, amesema kweli.

Hilo la mwisho usilichezee. Wapo wanaomwambia mtu "twende kumsalimia mgonjwa", wanamshusha mbele ya kituo cha akili. Atasoma kibao. Kuanzia siku hiyo hatakuamini, na hatamwamini daktari.

Akiendelea kusita, mwulize: "Kutoka sifuri mpaka kumi, unaona kwenda kuna faida kiasi gani?" Atasema mbili, kwa dharau. Usimwulize kwa nini si kumi. Mwulize kwa nini si sifuri. Ataanza kukupa sababu zake mwenyewe: watoto wananiogopa, nilikaribia kumpiga risasi mlinzi mwenzangu, nimechoka. Kisha nyamaza. Sababu aliyoitoa kwa kinywa chake itamsukuma kuliko kumi zako.

Maneno ya kuacha kabisa: "umebadilika", "wenzako wote wako sawa", "mbona fulani alipigana na halali chini ya kitanda", "usipoenda ninarudi kwetu". Vitisho vinaweza kumfikisha kituoni mara moja, ila havimrudishi mara ya pili.

*Utajua umefaulu* akisema "tutaona" au akiuliza swali lolote la kivitendo, kama bei au saa. Usisubiri "ndiyo" kubwa. Wanaume wa aina hii hukubali kwa kuuliza kama shati la bluu limefuliwa.

## Hatua ya 6: Hofu zake, na majibu yasiyo ya uongo

"Watanifukuza kazi." Usimwahidi kwamba kazi haitaguswa, huna mamlaka hayo. Mwambie kweli: kinachompeleka askari mbele ya mahakama ya kijeshi ni risasi iliyopigwa bila amri, mwenzake aliyejeruhiwa kwa ulevi, siku alizotoroka. Anayelala vizuri ndiye anayelinda cheo chake.

"Kambi nzima itajua." Kanuni ya adhabu ya Kongo inamwadhibu daktari anayetoa siri ya mgonjwa. Pamoja na hayo, chukueni tahadhari zenu: nguo za kiraia, kituo kilicho mbali na kambi, na wewe mwenyewe usimwambie jirani hata kwa kuomba maombi. Siri nyingi huvuja nyumbani, si hospitalini.

"Nitasema niliyoyafanya, wanifunge." Hii haisemwi kwa sauti, lakini ipo, na huwaumiza wengi kuliko yale waliyotendewa. Mweleze kwamba ziara ya kwanza haihitaji majina, mahali wala tarehe. Anaweza kusema "kuna mambo yananirudia usiku" akaishia hapo, na matibabu yakaanza. Ana haki ya kumwuliza daktari, kabla ya kusimulia lolote, ni mambo gani hawezi kuyafichia siri. Akitangaza kwamba anakwenda kujiua au kuua mtu, daktari atachukua hatua.

"Ni roho za waliokufa. Nitaenda kwa pasteri." Usishindane na pasteri, utashindwa. Mwendee wewe kwanza, umwombe aibariki safari ya hospitali. Wapo wengi wenye busara wanaokubali, na neno lao lina nguvu kuliko langu. Ila mahali wanapofunga wagonjwa kwa minyororo, kuwanyima chakula, au kuwaamuru watupe dawa, mwondoe.

"Kuongea tu kutanisaidia nini?" Mjibu kwa mfano. Mashariki mwa nchi yetu wapiganaji wa zamani walitibiwa kwa njia ya kusimulia maisha, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha dalili zao zilipungua. Katika tiba hiyo kamba inatandazwa chini kama njia ya maisha: ua linawekwa pale palipo na jambo jema, jiwe pale palipo na baya. Kisha mtu anapita jiwe moja moja akiwa na mtaalamu, mpaka tukio likae mahali pake pa zamani lisitokee tena kila usiku. Hahitaji kujua kusoma.

Na kuna jambo ambalo askari hulisema nami simpingi: mshahara hautoshi, zamu za mstari wa mbele haziishi, nyumba za kambi zinavuja. Ni kweli. Daktari hatalipa mshahara. Ukimwonyesha kwamba unadhani usingizi ndiyo shida yake pekee, atakuona mjinga. Mwambie tu kwamba hata hayo yatapiganiwa vizuri zaidi na mtu aliyelala.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Aondoke amekula. Ondokeni mapema, maana foleni humpa mtu nafasi ya kubadili nia. Ukutani, karibu na mlango, ndipo pa kukaa. Akitaka kutoka nje kuvuta hewa, mwache, kaa na namba yake ya foleni.

Ndani, mwache aingie peke yake kama anataka. Daftari mpe muuguzi kwa ruhusa ya mume: "Naweza kuwapa nilichoandika?" Akikataa, lirudishe mfukoni bila kununa. Daktari anaweza kuomba vipimo vya damu, kwa kuwa VVU, kaswende, homa ya matumbo na sukari vinaweza kuvuruga akili pia. Hiyo si dharau kwake.

Ataulizwa kama amewahi kufikiria kufa. Usimkatize kwa "huyu hawezi!" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapewa ruhusa ya kulisema.

*Utajua umefaulu* mkitoka na tarehe ya pili imeandikwa kwenye kadi. Ni hiyo tu. Asipokuwa na furaha, au akikaa kimya njia nzima mpaka nyumbani, usimhoji. Nunua maji, pandeni gari.

## Hatua ya 8: Wiki sita za mwanzo

Wengi huacha hapa, na karibu kila mara kwa sababu hakuna aliyewaambia kitakachotokea.

Dawa za huzuni na wasiwasi kama sertralini, paroksetini au fluoksetini hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili mpaka sita. Kabla ya hapo zinaweza kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma na wasiwasi. Zinaweza pia kupunguza nguvu za kiume, na hili ndilo linalowafanya wanaume watupe vidonge chooni bila kumwambia mtu. Mwambie mapema, bila kucheka, kwamba likitokea daktari anaweza kubadili dawa au kiasi. Asiache ghafla hata akijisikia mzima, kwani mara nyingi dawa huendelea kwa miezi baada ya nafuu.

Akichomwa au kupewa haloperidoli, dawa ya kutuliza akili iliyochafuka, kisha shingo au taya ikakakamaa, macho yakapinduka juu, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo. Inatisha kuitazama, watu hudhani ni pepo. Ina dawa yake na hutulia upesi.

Tiba ya kuzungumza, pale inapopatikana, mara nyingi ni vikao 8 hadi 15, kila kimoja saa moja mpaka saa moja na nusu. Baada ya vikao vya mwanzo ndoto zinaweza kuzidi kwa muda. Usiku wa baada ya kikao usipange wageni wala madeni.

Wewe nyumbani usimwamshe kwa kumgusa. Simama mbali, mwite kwa jina. Wafundishe watoto hivyo hivyo. Mabati yakiwa chini ya mwembe, kata yale matawi.

## Akikataa kabisa

Acha wiki mbili tatu, usirudie kila siku. Endelea na daftari. Kawaida nafasi ya pili huja yenyewe: amemtisha mtoto, ameaibika mbele ya wenzake, mwenzake amejiua. Siku hiyo sema sentensi moja: "Ile siku ya ine ingali iko." Nenda kituoni kwa ajili yako mwenyewe pia. Unaishi na hayo hayo usiku, na mwanaume akikuona unatoka pale ukiwa na akili zako timamu, kibao kile hakitamtisha tena kama mwanzo.

Akikupiga, ugonjwa haukuwajibishi kuvumilia. Uwe na nyumba ya kukimbilia, nauli, na kadi za watoto kwenye mfuko mmoja. Unaweza kumtafutia matibabu ukiwa unalala kwa dada yako.

## Kwa komanda anayesoma hapa

Kazi yako ni fupi, na hakuna mke anayeweza kuifanya badala yako. Usimtaje mtu gwarideni. Usiseme "wanawake" kwa kumaanisha waoga, kwa kuwa wale wanaokusikiliza wanahesabu nani atachekwa. Ukimwona askari wako amebadilika, mwite pembeni kwa shughuli ya kawaida, kama kukagua gari, mwulize analala saa ngapi. Ukiwa uliwahi kwenda kutibiwa, liseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha endelea na kazi ya siku.

Karatasi ya ruhusa iandike "uchunguzi wa afya" bila kutaja idara, iwe na siku ya kwenda na saa ya kurudi, na isainiwe siku mbili kabla, si asubuhi ile ile. Mpange zamu ya mchana kwa majuma ya mwanzo wa dawa, kwa sababu baadhi yake zinaleta usingizi. Bunduki yake iandikwe ghalani pamoja na za wengine watatu wanne wanaokwenda likizo, ili isionekane ni yake peke yake.